Philipp Melanchthon, Mwalimu wa Wittenberg

Jina la Martin Luther hakuna Mkristo wa sharika zetu asiyelijua. Walakini jina la mwenzake, aliyefanya kazi kando yake zaidi ya miaka 27, hatulisikii mara nyingi, ijapokuwa Ungamo la Augsburg ambalo Kanisa letu hulishika liliandikwa kwa mkono wake. Mtu huyu ni Philipp Melanchthon. Hakuwa mchungaji wala askofu, wala hakupata kuwekewa mikono awe mhubiri. Alikuwa mwalimu tu, naye alidumu miaka 42 katika chuo kikuu kidogo cha mji mdogo. Tumependa kuwasimulia maisha yake, hasa maisha ya chuoni, kwa kuwa wazazi wengi hujiuliza elimu ya mtoto itamfikisha wapi. Swali hilo liliulizwa Wittenberg pia, na kwa ajili yake chuo kile kilikaribia kufa.

Utoto na masomo yake

Philipp alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji wa Bretten, upande wa kusini wa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwarzerdt, alikuwa fundi wa silaha na mavazi ya chuma ya askari, naye alitumikia watawala. Mwaka wa 1508, mtoto alipokuwa na miaka 11, babu yake mzaa mama alifariki, na siku chache baadaye baba yake naye akafariki baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Basi mtoto akapelekwa Pforzheim kwa bibi yake, akaingia shule ya Kilatini. Huko alijulikana na jamaa yao Johannes Reuchlin, mtu mashuhuri sana kwa elimu ya Kiebrania na Kiyunani. Reuchlin alipoona jinsi kijana alivyoshika Kiyunani upesi, akamgeuzia jina. Schwarzerdt maana yake ni udongo mweusi. Kwa Kiyunani ikawa Melanchthon.

Akaingia Chuo Kikuu cha Heidelberg akiwa na miaka 12 tu, na mwaka wa 1511 akapata shahada ya kwanza. Alipoomba kutahiniwa kwa shahada ya pili, iitwayo Magista, walimu walimkatalia kwa sababu alikuwa mtoto bado. Hakukata tamaa. Alihamia Tübingen mwaka wa 1512, na mwanzo wa mwaka wa 1514 akapata shahada hiyo, hajatimiza miaka 17. Akaanza kufundisha wengine, na mwaka wa 1518 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiyunani ambacho vijana wengi wa Ujerumani walijifunzia miaka mingi.

Kuja Wittenberg

Mji wa Wittenberg, katika nchi ya Sachsen kando ya mto Elbe, wakati ule ulikuwa na watu wapata elfu mbili tu. Chuo Kikuu chake kilianzishwa na Mtawala Friedrich mwaka wa 1502. Kilikuwa kichanga na maskini kwa sifa, maana vyuo vya Heidelberg na Leipzig vilikuwa vimekwisha kupita umri wa miaka mia. Mtawala alipotaka mwalimu wa Kiyunani alimwandikia Reuchlin, naye Reuchlin akamtaja kijana wake.

Melanchthon alifika mwezi wa Agosti 1518, akiwa na miaka 21. Walimu wa chuo walipomwona walitahayari kidogo: alikuwa mdogo wa kimo, mwembamba, bega moja limeinuka kuliko lingine, na ulimi wake ulikuwa mzito kidogo katika kusema. Siku chache baadaye alitoa hotuba yake ya kwanza katika Kanisa la Ngome. Alieleza ya kuwa masomo ya vijana yameharibika kwa kuwa watu wanasoma maelezo ya maelezo, wakiacha vitabu vyenyewe. Inafaa warudi kwenye chemchemi, wajifunze lugha ambazo vitabu viliandikwa kwazo, na kwanza Maandiko Matakatifu. Alipomaliza, hapana aliyekumbuka kimo chake. Luther mwenyewe alifurahi mno, akawa mwanafunzi wake katika Kiyunani, na Melanchthon akawa mwanafunzi wa Luther katika Injili. Hivyo mkubwa alijifunza kwa mdogo, na mdogo kwa mkubwa, wala hakuna aliyepungukiwa na heshima. Luther alipotafsiri Agano Jipya, Melanchthon aliipitia tafsiri pamoja naye kabla haijatoka mwezi wa Septemba 1522.

Maisha ya wanafunzi

Inafaa tueleze kidogo jinsi wanafunzi walivyokaa. Walikuja vijana wa miaka 14 au 15, na wengine wadogo zaidi. Mwanafunzi mpya aliandikwa jina lake katika kitabu cha mkuu wa chuo, akatoa ada. Tena ilikuwako desturi katika vyuo vya Ujerumani ya kumfanyia mgeni mzaha: alivikwa pembe kama mnyama, kisha pembe zikaondolewa kwa misumeno na mashoka, kuonyesha kwamba sasa anauacha utovu wa adabu na kuingia katika elimu. Masomo yote yalikuwa kwa Kilatini. Asiyekijua hakuweza kusikia neno. Kwanza alijifunza sarufi, utaratibu wa kufikiri, na ufasaha wa kusema. Ndipo akaendelea na hesabu na elimu ya nyota. Baada ya hayo aliyeweza aliingia katika mojawapo ya elimu kuu tatu: ya Mungu, ya sheria, au ya uganga.

Wengi walipanga katika nyumba za walimu, wakala mezani pao. Nyumba ya Luther, ambayo zamani ilikuwa nyumba ya watawa, ilijaa vijana wa namna hii, na mkewe Katharina ndiye aliyewalisha. Si wote waliokuwa wapole. Mwezi wa Julai 1520 wanafunzi waligombana na vijana wa karakana ya mchoraji Lucas Cranach juu ya ruhusa ya kuchukua silaha, hata mji mzima ukafadhaika.

Melanchthon aliona ya kuwa vijana wengi wanafika chuoni hawana msingi. Basi alifungua shule ndogo nyumbani mwake, akawafundisha Kilatini kwa miaka kama kumi. Alikuwa amemwoa Katharina Krapp, binti wa mkuu wa mji, mwaka wa 1520, na mali yao ilikuwa haba. Mtumishi wao Johannes, mtu mwaminifu, ndiye aliyeangalia matumizi ya nyumba. Hata hivyo meza yao haikukosa wageni. Kijana aliyefanya vizuri katika kutunga mashairi au insha alivikwa taji ya majani, akaitwa mfalme wa meza. Tena aliwafundisha kuigiza michezo ya kale ya Kirumi, wapate kukizoea Kilatini kwa kinywa na si kwa macho tu. Yeye mwenyewe aliamka usiku wa manane, saa nane au saa tisa, kuandika na kusoma kabla ya masomo ya asubuhi. Barua alizoandika na kuandikiwa, ambazo zimehesabiwa na wataalamu, zinapita 9,000.

Chuo kilipokaribia kufa

Sasa twafika penye jambo zito. Mwaka wa 1520 wanafunzi wapya walioandikwa Wittenberg walipita 500, ingawa mji wenyewe ulikuwa mdogo vile. Lakini mwaka wa 1526 wapya hawakufika hata 100. Kwa nini?

Sababu zilikuwa nyingi, na mbili ndizo kubwa. Ya kwanza ilitoka kwa watu wa dini. Mwisho wa mwaka wa 1521, Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, walifika Wittenberg watu watatu kutoka Zwickau, waliosema ya kuwa Roho wa Mungu husema nao wazi, wala hawahitaji elimu ya kitabu. Melanchthon, kijana wa miaka 24, alifadhaika asijue la kuwajibu. Karlstadt naye, aliyekuwa mwalimu mkubwa wa chuo, akaanza kudharau vyeo vya elimu, na shule ya wavulana ya mji ikafungwa. Wanafunzi wengine wakaenda zao makwao. Luther alirudi mwezi wa Machi 1522, akatuliza mambo kwa mahubiri yake. Walakini neno lile lilikwisha kuenea, kwamba aliye na Roho hana haja ya shule.

Sababu ya pili ilitoka kwa wazazi. Zamani mzazi alimpeleka mwanawe shuleni ili awe padre au mtawa, apate riziki ya kanisa maisha yake yote. Sasa nyumba za watawa zilikuwa zikifungwa, na riziki zile zikapotea. Wazazi wakaona hakuna faida tena. Heri mtoto ajifunze biashara au kazi ya mikono. Tena mwaka wa 1525 vita vya wakulima vilileta kifo na umaskini mwingi, na mwaka wa 1527 ikaja tauni, hata chuo kikahamishiwa Jena kwa muda.

Hapo ndipo tunapoona moyo wa Melanchthon. Hakukaa kuwalaumu wazazi, bali alianza kutengeneza njia. Kwanza alitengeneza chuo chenyewe. Alipokuwa mkuu wa chuo katika majira ya baridi ya mwaka wa 1523 na 1524, aliagiza ya kuwa kila mwanafunzi awe na mlezi wake, mwalimu wa kumchagulia masomo na kuangalia mwenendo wake, asizunguke kama kondoo asiye na mchungaji. Tena alirudisha mazoezi ya kutoa hotuba mbele ya watu, ili elimu isibaki katika daftari.

Pili alitengeneza shule zilizo chini ya chuo. Mwaka wa 1526 alikwenda Nürnberg kufungua shule mpya ya mji, na rafiki yake Joachim Camerarius akawa mwalimu wake mkuu. Mwaka wa 1527 alitumwa pamoja na wengine kukagua sharika za Sachsen. Waliona mambo ya kusikitisha: wachungaji wasiojua la kufundisha, na watu wasioijua hata Sala ya Bwana. Katika maagizo yaliyotoka mwaka wa 1528 aliandika utaratibu wa shule. Watoto wagawanywe makundi matatu: la kwanza wajifunze kusoma, pamoja na Sala ya Bwana na Imani, la pili washike sarufi vizuri, la tatu ni wale walioendelea, wasome vitabu vikubwa. Aliwakataza walimu wasiwatwike watoto lugha nyingi kwa mara moja, wala vitabu vingi. Na saa ya kwanza baada ya adhuhuri watoto wote waimbe. Makatekista wasomao haya wataona ya kuwa mengi tunayoyafanya shuleni si mageni.

Tatu alionyesha kazi ambazo elimu huandaa. Aliwaeleza watu ya kuwa Kanisa linahitaji wachungaji, lakini mji nao wahitaji waamuzi, waandishi, waganga na walimu. Na kazi hizo zote ni utumishi wa Mungu, si upadre peke yake. Hili ndilo lililokuwa jibu kwa wazazi. Riziki ya uvivu ilikuwa imekwisha kweli, bali kazi zilikuwa nyingi kuliko watenda kazi.

Njia za wanafunzi wake

Polepole vijana wakarudi, wakaja na kutoka nchi za mbali. Tutawataja wachache, ili ionekane elimu ya chuo kile iliwafikisha wapi.

Mikael Agricola, mwana wa mkulima wa Finland, alitumwa Wittenberg na askofu wake mwaka wa 1536, akarudi mwaka wa 1539 na shahada ya Magista. Akawa mwalimu mkuu wa shule ya Turku. Watu wake hawakuwa na kitabu cha lugha yao. Agricola alitoa kitabu cha kujifunzia kusoma, kisha kitabu cha sala, na mwaka wa 1548 Agano Jipya lote kwa Kifini. Baadaye akawa askofu. Valentin Trotzendorf hakuwa askofu. Alikwenda Goldberg katika Silesia, akawa mwalimu wa shule tu, lakini shule yake ilisifiwa kwa jinsi wanafunzi walivyopewa sehemu katika kusimamia adabu yao wenyewe. Paul Eber alibaki Wittenberg, akawa mwalimu wa chuo na mwisho mchungaji wa mji. Georg Joachim Rheticus alifundisha hesabu. Mwaka wa 1539 alisafiri mpaka kwa Copernicus, akamsihi atoe kitabu chake juu ya mwendo wa dunia kulizunguka jua, kikatoka mwaka wa 1543. Melanchthon mwenyewe hakuyakubali mafundisho hayo, walakini Rheticus aliporudi alimpokea chuoni.

Na waliotaka uchungaji, tangu mwaka wa 1535 walitahiniwa na kuwekewa mikono Wittenberg, wakaenda sharika za kila upande. Melanchthon aliandika kitabu cha maswali na majibu kwa ajili ya mtihani huo. Tena alipoona ya kuwa wanafunzi wa Hungaria hawafahamu mahubiri ya Kijerumani, aliwakusanya Jumapili nyumbani kwake akawaeleza Injili kwa Kilatini. Hakuwa mhubiri, lakini hakukubali vijana wageni wakae Jumapili bila Neno.

Umaskini, wito na majonzi

Msomaji asidhani ya kuwa mwalimu huyu alikaa pale kwa kukosa pengine pa kwenda. Mfalme Francis wa Ufaransa alimwita, Mfalme Henry wa Uingereza naye alimwita, na Tübingen pia walimtaka. Yeye alikwenda kuwasaidia wengine kutengeneza taratibu za vyuo vyao, kisha akarudi kwenye mji wake mdogo. Mwaka wa 1526 mshahara wake ulipoongezwa ukafika gulden 200 kwa sharti la kufundisha Biblia, alisita kuupokea, kwa sababu aliona hawezi kufundisha somo hilo kila siku pamoja na kazi zake nyingine. Mtu anayesita kupokea mshahara asioutendea kazi ni wa kukumbukwa.

Kazi yake kubwa nje ya chuo ilikuwa Augsburg, mwaka wa 1530. Luther hakuweza kufika kwa kuwa alikuwa amehukumiwa na Kaisari, basi Melanchthon ndiye aliyeandika Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa 5 tarehe 25 Juni. Alikuwa na miaka 33.

Majonzi hayakumpita. Mwanawe Georg alifariki akiwa mdogo mwaka wa 1529. Binti yake Anna aliolewa akiwa na miaka 14 na Georg Sabinus, mwanafunzi wa baba yake, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Königsberg, kilichoanzishwa mwaka wa 1544. Ndoa ile haikuwa ya amani, na Anna akafariki mwaka wa 1547 angali kijana. Baba yake alihuzunika sana, wala hakupata kuisahau huzuni ile.

Mwaka wa 1546, tarehe 18 Februari, Luther alifariki Eisleben. Habari zilipofika kesho yake, Melanchthon alikuwa akifundisha Waraka kwa Warumi. Akakatiza somo, akawatangazia wanafunzi msiba. Kabla mwaka haujaisha vita vilifika Wittenberg, chuo kikafungwa, wanafunzi wakatawanyika, naye akakimbia na jamaa yake. Vita vilipokwisha mji ulikuwa chini ya mtawala mwingine, Moritz, aliyekuwa upande wa Kaisari. Watawala wa zamani walimtaka Melanchthon aende Jena wajenge shule mpya. Akachagua kurudi Wittenberg akaokoe chuo kisife.

Kwa uchaguzi huo alilaumiwa sana. Tena mwaka wa 1548, Kaisari alipotaka Kanisa lirudishe desturi za zamani, Melanchthon alikubali baadhi yake, akifikiri si mambo ya imani yenyewe, ili wachungaji wasifukuzwe na chuo kisifungwe. Matthias Flacius, aliyekuwa mwanafunzi wake na mwalimu wa Kiebrania chuoni, alimpinga vikali akaondoka. Hatuwezi kusema ya kuwa Flacius hakuwa na haki. Kuna wakati ambapo hata jambo dogo, likidaiwa kwa nguvu, huwa jambo la kuungama imani. Na Melanchthon mwenyewe baadaye alikiri ya kuwa alikosa katika jambo hilo. Lakini tukimhukumu, tukumbuke pia ni nini alichokuwa akikilinda.

Mwisho wake

Mkewe Katharina alifariki mwaka wa 1557, yeye akiwa safarini. Rafiki yake Camerarius ndiye aliyempelekea habari mpaka Heidelberg. Miaka mitatu baadaye, katika majira ya baridi yaliyokuwa yakiisha, alikwenda Leipzig kuwatahini wanafunzi waliosomeshwa kwa fedha za mtawala. Alikuwa mzee wa miaka 63, na kazi hiyo kijana yeyote angaliweza kuifanya. Lakini kwake mtihani wa vijana maskini haukuwa jambo dogo. Njiani akirudi alishikwa na baridi, homa ikampata. Hata hivyo aliendelea kufundisha kadiri alivyoweza, mpaka nguvu zikamwishia. Tarehe 19 Aprili 1560 akalala katika Bwana. Walimzika katika Kanisa la Ngome, karibu na Luther, mahali palepale alipotoa hotuba yake ya kwanza alipokuwa kijana.

Chuo cha Wittenberg kiliendelea baada yake zaidi ya miaka 250, na mwaka wa 1817 kikaunganishwa na kile cha Halle. Nyumba yake, iliyojengwa mwaka wa 1536, ingali imesimama, na watu huja kuitazama.

Ndugu wasomaji, kwa watu wa Ujerumani mtu huyu ameitwa mwalimu wa nchi yao yote. Heshima hiyo hakuipata kwa kuhama kutoka kidogo kwenda kikubwa, bali kwa kukaa. Basi ninyi makatekista mnaofundisha watoto wachache chini ya paa la nyasi au la bati, msidharau kundi dogo mlilopewa. Nanyi wazazi mnaopima kama karo ya mwaka huu itarudi, fikirini pia haja ya Kanisa na ya nchi, maana huenda katika watoto wenu yupo Agricola atakayewapa watu wake kitabu. Nasi sote tumwombe Bwana wa mavuno atupe walimu wanaoamka mapema, wanaosita kula wasichokitendea kazi, na wasioona haya kujifunza kwa walio wadogo wao.